Waya Uliokwisha Lazwa

Waya ulikuwa bidhaa katika mwambao wetu kabla haujawa njia. Misafara ya karne ya 19 iliyoondoka pwani kwenda bara ilichukua mizigo ya nguo za merikani, ushanga wa rangi nyingi, na masango. Masango ni nyaya nene za shaba, nyekundu na nyeupe, zilizovingirishwa duara na kutwikwa mabegani mwa wapagazi. Huko bara zilikatwa, zikapindwa, zikawa vikuku na mikufu, na kwa mapambo hayo pembe za ndovu zilinunuliwa. Mpagazi aliyelemewa na mzigo huo hakuwa na sababu ya kudhani kwamba shaba ile iliyomchubua bega ilikuwa na uwezo wa kuchukua maneno ya watu kutoka nchi hata nchi kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho. Hakuna aliyemwambia, na yamkini tajiri wake naye hakulijua jambo hilo.

Uwezo huo ulikuwa umekwisha tumiwa Ulaya na Marekani katika nusu ya kwanza ya karne hiyo hiyo. Umeme ukitiwa katika ncha moja ya waya hutokea katika ncha ya pili karibu mara moja. Ukikatwa na kurudishwa kwa mpango uliopatanwa, mara kwa kitambo kifupi, mara kwa kirefu, huwa herufi, na herufi huwa maneno. Hiyo ndiyo simu ya kwanza, nayo haikuwa na sauti ya mtu. Kwetu ilikawia kufika, na iliyoiharakisha ilikuwa vita ya mbali. Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliyashinda majeshi ya Waingereza mahali paitwapo Isandlwana, kusini mwa Afrika, na habari ya msiba huo haikufika London mpaka tarehe 11 Februari. Serikali iliyotawala bahari iliona aibu kukaa siku 20 bila kujua kuwa jeshi lake limevunjika. Basi kabla ya mwaka huo kwisha waya wa chini ya bahari ulikuwa umelazwa kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea Msumbiji, Delagoa Bay na Durban.

Msomaji akitazama ramani ataona kwamba waya uendao Unguja kutoka Aden hauna budi kupita baharini mbele ya Malindi na Kilifi. Ulipita, lakini haukusimama. Mvuvi wa Malindi aliyetweka tanga asubuhi alfajiri na kuelekea nje ya miamba huenda alivua samaki juu ya bei za karafuu na amri za mabalozi, asijue. Jambo hili la nyaya kuu kupita mbele ya mlango wa watu bila kuwabishia hodi halikuisha mwaka ule, nasi tutalikuta tena mbele.

Kufikia mwaka 1890 Unguja ilikuwa imeunganishwa na Mombasa kwa waya mwingine wa baharini, na katika miaka iliyofuata ya karne hiyo ulisimikwa waya wa nchi kavu kutoka Mombasa hata Lamu, ukipitia Malindi. Huo ni mwendo wa maili 200 hivi katika nchi isiyopenda nguzo. Kuna hori la Kilifi lenye kina, kuna mto Sabaki unaofurika wakati wa masika, kuna mto Tana ambao kila baada ya miaka kadha hubadili mkondo wake. Kuna mchwa ambaye hula mti usiku na mchana, na hewa ya chumvi ambayo hula chuma. Kusimika waya ni kazi ya msimu mmoja au miwili. Kuutunza ni kazi isiyo na mwisho, na wale walioifanya, wakata miti, wapandaji nguzo na walinzi wa njia, majina yao hayakuandikwa katika vitabu.

Huko bara, reli ilipokuwa ikielekea ziwa la Viktoria Nyanza, Wanandi waliukata waya wa simu uliofuatana nayo wakajifanyia mapambo. Watawala waliuita wizi na ukaidi. Lakini mtu ambaye baba yake alinunua masango kwa pembe, kisha akaona masango yaleyale yametundikwa hewani bila mlinzi, alikuwa na hoja yake pia. Kwa namna yao Wanandi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika nchi yetu kufikiri kwamba waya uliolazwa kwa kazi moja wafaa kwa kazi nyingine.

Waya wa Malindi ulikuwa wa nani? Mji wenyewe ulikuwa umefufuliwa upya katika miaka ya 1860 chini ya masultani wa Unguja, ukawa ghala la mtama na ufuta uliolimwa kwa jasho la watumwa. Simu iliwafaa maofisa na wafanya biashara. Haikuwafaa Wagiriama waliokuwa nyuma ya mji, ambao kwao waya ulikuwa ni mstari uliokatiza anga tu. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowakusanya watu wake kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa, maneno yake yalitoka mji hata mji kwa ngoma, kwa viapo na kwa miguu ya watu. Alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kisii, mwisho mwingine wa nchi. Akatoroka mwaka 1914, akarudi kwao kwa miguu. Serikali ilikuwa na waya, naye alikuwa na watu, na kwa muda fulani habari za pande hizi mbili zilienda mbio karibu sawasawa.

Sasa tuvuke miaka 50, maana katika muda huo waya wa pwani uliongezeka pole pole bila ajabu kubwa. Ajabu ilitokea Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika miaka ya 1960. Profesa Luigi Broglio wa Italia alikuwa akitafuta mahali karibu na mstari wa ikweta ambapo makombora ya kuchukua satelaiti yangeweza kurushwa juu ya bahari tupu. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo humsaidia arushaye. Ghuba ya Ungwana ilimfaa. Majukwaa makubwa ya chuma yalikokotwa baharini, yakasimamishwa kwa miguu yao katika maji ya ghuba: moja likaitwa San Marco, la pili Santa Rita.

Kwa nini mawili? Jibu ni la busara ya kawaida: mtu hakai juu ya baruti anayotaka kuiwasha. Kombora lilikaa San Marco, na watawala wa kombora walikaa Santa Rita, ng'ambo ya maji. Kati ya majukwaa hayo zililazwa nyaya chini ya bahari, na katika nyaya hizo zilipita amri zote na majibu yote: joto la mtambo, nguvu ya betri, hesabu ya kurudi nyuma, na mwisho wake neno la kuwasha moto. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya Wamarekani ambayo kwa sababu ya siku hiyo ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchungua miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na vyanzo 339 vya miale hiyo viliandikwa katika orodha kutokana na kazi yake. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima kwa sababu ya siku moja ya Ngomeni. Satelaiti 9 kwa jumla zilirushwa kutoka majukwaa yale, ya mwisho mwaka 1988, na kituo cha nchi kavu kikaendelea na kazi ya kupokea ishara za satelaiti.

Ishara zitokazo angani ni dhaifu mno. Sinia kubwa la chuma huzikusanya, lakini kutoka kwenye sinia mpaka kwenye chombo kinachozisoma lazima zipite katika waya, na si kila waya unafaa. Waya wa kawaida ukipitishiwa mawimbi ya kasi kubwa huwa kama mtungi uliopasuka: huvujisha kilichomo na hupokea taka za nje. Dawa yake ni waya uliojengwa kwa tabaka. Katikati kuna uzi wa shaba. Juu yake utando mnene wa plastiki au povu. Juu ya utando wavu wa shaba au alumini uliosukwa kama ukili. Na nje kabisa gamba la kuzuia maji. Uzi na wavu huzunguka mhimili mmoja, na ndiyo maana wataalamu huuita kebo ya koaksia. Mawimbi husafiri kati ya uzi na wavu, yamefungiwa ndani kama maji katika bomba. Mwingereza Oliver Heaviside alijipatia hati ya ubunifu wa waya wa namna hii mwaka 1880, na mwaka 1929 Wamarekani Lloyd Espenschied na Herman Affel waliomba hati ya waya wa kuchukua mazungumzo mengi na picha za televisheni kwa pamoja. Watu wa Malindi na Kilifi hawauiti koaksia. Kwao ni waya wa antena, au waya wa dishi.

Uliingia majumbani kwa mlango wa televisheni. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kituo cha Mombasa kikafunguliwa mwaka 1970. Baadaye yakaja madishi. Malindi, ambako Waitalia wengi walifuata njia iliyofunguliwa na watu wa Ngomeni, na Watamu pia, hoteli zilitaka kila mgeni aone picha chumbani mwake. Fundi alipanda juu ya paa, akaweka dishi, akateremsha waya ukutani, akaugawa, akapeleka tawi moja moja mpaka kila chumba. Nyumba za watu binafsi ziliiga, kila moja kwa kadiri ya mfuko wake. Hivyo bila mtu kukusudia, mwambao huu ulijengewa njia ya siri ndani ya kuta zake, kwa ajili ya kutazama mpira na michezo ya kuigiza.

Hapa historia yapiga kona ya kuchekesha. Mwezi Mei 1973, Robert Metcalfe, akifanya kazi katika maabara ya Xerox huko California, aliandika barua ya kueleza jinsi kompyuta nyingi zingeweza kusemezana kwa kushirikiana waya mmoja. Yeye na David Boggs wakaujenga mtandao huo, wakauita Ethernet, nao ulipitisha biti milioni 2.94 kwa sekunde. Waya waliouchagua ulikuwa kebo ya koaksia, ndugu wa waya wa antena. Kwa hiyo mtandao wa kompyuta wa namna hiyo ulizaliwa ndani ya waya huu. Kisha, kuanzia mwaka 1990 hivi, uliuhama: nyaya nyembamba zilizosokotwa jozi jozi, kama za simu, zilikuwa rahisi kulaza na rahisi kutafutiwa hitilafu, maana waya mmoja ukikatika chumba kimoja tu ndicho kilichonyamaza, ilhali zamani nyumba nzima ilinyamaza. Kuhama kulikuwa na hekima. Lakini nyumba zilizokwisha lazwa waya wa antena zilikuwa mamilioni duniani, na waya ule ulibaki ukutani.

Mwaka 2009 nyuzi za kioo ziliwasili Mombasa: ule wa TEAMS kutoka Fujairah katika Ghuba ya Omani mwezi Juni, na wa SEACOM ukafunguliwa mwezi Julai. Kabla ya hapo Kenya ilisema na dunia kwa satelaiti, kwa bei kubwa na kwa kukawia. Ule wa TEAMS una urefu wa takriban kilomita 5,000, na kama waya wa 1879 ulipita mbele ya Malindi bila kutia nanga. Malindi na Kilifi zikangoja zipate sehemu yao kwa njia ya nchi kavu kutoka kusini.

Sehemu hiyo ilipofika nyumbani ilikutana na adui asiyetazamiwa, nao ni ukuta. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama magofu ya Gede yanavyoshuhudia, na katika nyumba za kale ukuta una unene wa karibu nusu mita. Ukuta huo ulizuia joto na kelele za njia, nao huzuia pia mawimbi ya redio yatokayo katika ruta, ambayo watu huyaita waifai. Hata majengo mapya ya matumbawe yaliyochongwa kwa msumeno si rafiki wa mawimbi hayo. Habari iliyokwenda kilomita 5,000 chini ya bahari bila kujikwaa hushindwa kutoka ukumbini hadi chumba cha nyuma. Mwezi Machi 2020 shule zote za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na masomo yakapelekwa kwa redio, televisheni na intaneti, ukuta huo ulikoma kuwa jambo la mzaha. Mwanafunzi aliyeketi upande wa ruta alisikia somo. Aliyeketi upande wa pili wa jiwe hakulisikia. Shule hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2021.

Dawa ni nini? Wengine hutoboa ukuta na kulaza waya mpya, na kwa nyumba inayojengwa sasa hiyo ndiyo njia ninayoiona bora. Lakini kutoboa matumbawe ya kale si mchezo. Lipu ya chokaa hubanduka vipande vipande, na katika nyumba yenye michoro ya plasta ni hasara isiyolipika. Wengine huongeza ruta ndogo za kurudia mawimbi, nazo hupungukiwa na nguvu kila ziendapo mbali. Njia ya tatu ni kuutazama tena waya wa dishi. Mwaka 2004 makampuni kadhaa yaliungana kwa jina la Multimedia over Coax Alliance, MoCA kwa kifupi, wakaandika kanuni za kupitisha habari za kompyuta ndani ya kebo ya televisheni iliyokwisha kuwamo nyumbani. Kwa kanuni zao za baadaye waya huo waweza kupitisha hata biti milioni 2,500 kwa sekunde, karibu mara 850 ya kile alichopata Metcalfe.

Kazi yenyewe ni fupi. Adapta moja huwekwa karibu na ruta; huungwa na ruta kwa waya wa mtandao, na upande wa pili huungwa na tundu la antena ukutani. Adapta ya pili huwekwa katika chumba cha mbali, penye tundu jingine la waya ule ule, na kompyuta huungwa nayo. Vyombo hivi viwili husikilizana ndani ya ukuta, wala jiwe halina habari.

Hata hivyo kuna mtego, nao watuhusu sisi wa pwani kuliko wale waliovibuni vyombo hivi. Wao walikuwa wakifikiria televisheni iletwayo kwa kebo kutoka barabarani. Huku kwetu waya mwingi ni wa dishi. Ishara ishukayo kutoka dishini hutumia masafa kati ya megaherzi 950 na 2,150, na adapta hizi kwa kawaida husema kati ya 1,125 na 1,675. Ni watu wawili wanaong'ang'ania kupita mlango mmoja. Zaidi ya hayo, kisimbuzi hupeleka umeme juu ya waya ule ule ili kulisha chombo kilicho mdomoni mwa dishi, na umeme huo waweza kuiharibu adapta isiyoutazamia. Kwa hiyo waya unaotumiwa na dishi uachwe na dishi lake. Unaofaa ni ule ulioachwa: wa dishi lililokufa, wa antena ya zamani, wa chumba cha hoteli ambacho televisheni yake imebadilishwa. Nao ukaguliwe njia nzima. Mara nyingi katikati pana kigawanyaji, ambacho mafundi hukiita splita, kilichotengenezwa kwa masafa ya chini. Hicho hupunguza ishara au huizuia kabisa, na hapana budi kibadilishwe. Palipo na nyumba zinazotumia kebo moja kutoka kwa mwenye jengo, huwekwa chujio mlangoni pa nyumba, ili maneno ya nyumba hii yasiende kusikilizwa na jirani.

Wala tusijidanganye kwamba njia hii ni ya kila mtu. Nyuma ya barabara kuu, kuelekea Ganze na Magarini, ziko nyumba nyingi za udongo na makuti ambazo hazikuwahi kuwa na dishi, wala ruta, wala ukuta wa kuzuia mawimbi. Kwao swali si jinsi ya kuvuka nusu mita ya mwisho, ila ni lini mtandao wenyewe utafika. Kama ilivyokuwa kwa waya wa simu zamani za Mekatilili, mjini husemwa habari za kasi, na maili chache kutoka mjini watu hungali wakitembea kuifuata habari.

Palipo na waya, adui wa mwisho ni yule aliyezikondesha nguzo za simu za karne ya 19, yaani hewa ya chumvi. Huingia kwenye ncha, penye kiungio, akaugeuza wavu wa shaba kuwa unga wa kijani, na ishara hufifia mwaka hata mwaka bila mtu kujua sababu. Fundi mzoefu wa Malindi hafungui adapta kabla hajazitazama ncha. Hukata waya shibiri moja, akalitazama jeraha, akakata tena, mpaka aione shaba inayong'aa. Ndipo atiapo kiungio kipya na kukizungushia utepe wa mpira.